Tulipu Kifuani: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Vito vya Maua vya Hungaria

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kidani cha fedha chenye ua la tulipu kutoka Hungaria, na barua zikafuatana. Wengine wanataka kujua ua hilo lina nini hata Mhungaria alivae kama anavaa bendera. Wengine ni mafundi, wanataka kulitengeneza. Tumechagua barua sita.

Nimesoma kwamba tulipu iliingia Hungaria pamoja na Waturuki, na Waturuki ndio walioitawala nchi hiyo kwa upanga. Inakuwaje ua la mtawala ligeuke alama ya aliyetawaliwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Umesoma sawa. Jeshi la Hungaria lilivunjwa huko Mohács mwaka 1526, na mji wa Buda ukakaa mikononi mwa Waosmani, yaani Waturuki wa dola ya Osmani, tangu 1541 hadi 1686. Katika miaka hiyo 145 watu hawakupigana tu, walifanya biashara pia. Vitambaa vilivyotariziwa, mazulia na vyombo vya udongo vya Iznik, mji wa Uturuki, vyenye tulipu na karnesheni viliingia katika nyumba za Wahungaria, hata za wale waliokuwa vitani. Jina lenyewe, *tulipán*, linatokana na neno la Kituruki na Kiajemi lenye maana ya kilemba, na ukilitazama ua lililofumba utaona kwa nini. Kutoka upande wa pili, Italia, lilikuja komamanga. Mikono ya watarizi, maseremala na masonara ikayachanganya yote hayo mpaka sanduku la bibi harusi likaitwa kwa jina la ua lililochorwa juu yake: *tulipános láda*, sanduku la tulipu.

Msomaji wa pwani hapaswi kushangaa. Tazama korosho ya kwenye kanga. Umbo lile lilitoka Uajemi na Bara Hindi, na leo hakuna bibi wa Mombasa au Unguja anayeliona geni. Kitu huwa chako kwa namna unavyokitumia, si kwa mahali kilikoanzia.

Hata hivyo, mimea juu ya fedha ni ya zamani kuliko tulipu. Wahungaria waliingia bonde la milima ya Karpati mwishoni mwa karne ya 9, na katika makaburi yao ya karne ya 10 yamefukuliwa mabamba ya fedha yaliyokuwa yakifunika mfuko wa mkandani. Bamba la Galgóc, lililopatikana mwaka 1868 mahali ambapo leo ni Hlohovec nchini Slovakia, limejaa majani yaliyofunguka kama kipepeo cha ukili, yamepangwa kwa safu na kuunganishwa kwa utepe. Mandharinyuma yamepakwa dhahabu, majani yameachwa meupe. Wachoraji wa vito wa Hungaria wanalirudia bamba hilo hadi leo.

Kuwa alama ya taifa ni jambo la baadaye. Katika karne ya 19 Hungaria ilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria, na swali la “sisi ni nani” lilikuwa la moto. József Huszka (1854–1934), mwalimu wa uchoraji, alizunguka vijijini akinakili maua ya makoti, masanduku na makanisa. Alidai asili yake ni Asia ya kale. Wataalamu wa leo hawakubali sehemu kubwa ya madai hayo, lakini michoro yake iliwapa wasanii hazina ya maumbo. Msanifu majengo Ödön Lechner aliyatumia maua ya namna hiyo katika Makumbusho ya Sanaa za Mapambo ya Budapest, yaliyofunguliwa mwaka 1896. Kisha mwaka 1906 likaja vuguvugu la tulipu. Watu waliahidi kununua bidhaa za nyumbani badala ya za Austria, na aliyeahidi alivaa beji ndogo ya tulipu kifuani. Hapo ndipo kito cha ua kilipokuwa kauli ya siasa waziwazi. Nembo ya taifa ya Hungaria haina ua hata moja. Ina mistari, msalaba wenye mikono miwili, vilima vitatu na taji. Ua lilipewa cheo chake na watu wenyewe.

Ninasomea ubunifu. Kila nikitafuta “ua la Hungaria” napata picha za Kalocsa na za Matyó, nami sioni tofauti. Na je, tulipu yao inachorwaje isifanane na ile ya Uholanzi? (Msomaji, Nairobi)

Tofauti ipo, na anayeichanganya anajulikana haraka. Kalocsa ni mji wa kusini, karibu na mto Danube, katika nchi ya pilipili ya paprika. Wanawake waliochora michoro ya kutarizi waliitwa *íróasszonyok*, yaani wanawake waandishi, na wale wa kuchora kutani wana jina lao pia, *pingálóasszonyok*. Maua yao yamesambaa juu ya weupe. Kila ua linapumua peke yake: waridi, tulipu, ua la buluu la shambani, na mara nyingi pilipili nyekundu pembeni. Hapo mwanzo rangi zilikuwa chache, nyeupe, nyekundu, buluu na nyeusi. Wingi wa rangi tunaouona leo ulikuja karne ya 20.

Matyó ni watu wa kaskazini-mashariki, katika Mezőkövesd na vijiji vya Tard na Szentistván. Kwao maua yamesongamana, na mara nyingi yako juu ya kitambaa cheusi. Kiongozi ni waridi la Matyó, la duara, lenye tabaka juu ya tabaka mpaka linakaribia kufanana na peoni. Mchoraji wao mashuhuri ni Kisjankó Bori (1876–1954). Utarizi wa Matyó uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2012.

Sasa tulipu. Ya Kihungaria haichorwi kwa kutazama bustani. Inachorwa kwa ubavu, kama imepasuliwa katikati. Chora mstari wa wima wa sentimita 3. Huo ni uti. Kila upande wa uti chora petali iliyonenepa chini, ikibana juu, kisha ncha yake ijikunje kuelekea nje kama ncha ya kiatu cha Aladini. Katikati ibaki ncha ya tatu, ama tone, ama moyo. Ndani ya tumbo la ua usiache pakavu: weka ua dogo, nukta tatu au vimistari. Shina lipinde kama herufi S, na kutoka kwenye shina hilohilo litoke chipukizi kulia na jingine kushoto, yakilingana. Kosa la wanafunzi wengi ni kuweka kivuli ili ua lionekane la mviringo. Ukitia kivuli umekwisha kwenda Uholanzi. Mchoro wa Kihungaria ni bapa, na uzuri wake uko kwenye mstari wa nje.

Ukihamishia kwenye metali, punguza. Uzi wa kutarizi unaweza kubeba petali 12 ndani ya sentimita 2, lakini waya hauwezi. Chumba chochote, yaani nafasi iliyozungukwa na waya, chenye upana usiofika milimita 1.5 kitakusumbua kukijaza rangi. Mchoro wa Kalocsa unakaa vizuri kwenye kazi ya kukatwa matundu au kwenye rangi nyeupe. Wa Matyó unataka mandharinyuma meusi na petali za mikanda mitatu au minne, usizidishe.

Mimi ni sonara. Ninajua kuvuta waya na kulehemu, lakini enameli sijaigusa. Nifanyeje pini ya tulipu kwa njia yao, na ni wapi kazi huharibika? (Msomaji, Mombasa)

Njia unayoitaka inaitwa *sodronyzománc*, enameli ya nyuzi zilizosokotwa. Ilistawi Hungaria katika karne ya 15, hasa kwenye vikombe vya misa. Enameli ni unga wa kioo chenye rangi unaoyeyushwa juu ya metali. Katika njia nyingine za enameli ya nyuzi, waya ni bapa na uso husagwa mpaka rangi na waya vilingane. Kwa Wahungaria waya umesokotwa, rangi inaishia chini ya mgongo wa waya, na hausagi kitu. Mwanga unacheza kwenye misokoto, na ndiyo sababu ua linaonekana limeshonwa.

Andaa bamba la fedha safi (999) la unene wa milimita 0.8, upana 25 na urefu 30. Usitumie fedha ya 925. Shaba iliyomo ndani yake inaleta doa la moto, na mchanganyiko huo huanza kulainika karibu na joto lilelile unalohitaji kuyeyushia kioo. Kwa mazoezi tumia bamba la shaba nyekundu na waya wa shaba nyekundu. Usiweke waya wa fedha juu ya bamba la shaba: vikigusana kwenye nyuzi joto 779 vinayeyushana, na waya utauona ukizama mbele ya macho yako.

Piga bamba kidogo lifanye mgongo. Bamba lililolala kabisa hupinda kwenye moto, na kioo hupasuka. Chukua nyuzi mbili za fedha safi za milimita 0.3, zifunge kwenye msumari upande mmoja na kwenye kekee ya mkono upande wa pili, zisokote mpaka misokoto ikaribiane. Zichome taratibu zilainike, halafu pinda umbo la tulipu kwa kibano juu ya mchoro. Kila kipande kiweze kusimama chenyewe bila kushikwa.

Masonara wa zamani waliulehemu waya kwenye bamba. Anayeanza namshauri asilehemu, maana lehemu ya kawaida hutoa mapovu chini ya kioo. Badala yake weka tabaka jembamba la enameli isiyo na rangi, kama milimita 0.2, lichome, panga waya juu yake kwa gundi nyepesi ya kazi hiyo, uchome tena. Waya utajikita wenyewe. Kabla ya hapo, upande wa nyuma nao uwe umepata enameli ya unene uleule. Hatua hii ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo inayoangusha kazi nyingi. Metali na kioo havisinyai sawa vinapopoa, na bila kioo cha nyuma cha kuvuta upande wa pili, uso utapasuka, pengine baada ya siku tatu, ukiwa umeshamkabidhi mteja.

Unga uoshe. Uweke kwenye kikombe cha kioo, mimina maji yasiyo na chumvi, koroga, acha utuame, mwaga maji meupe ya juu. Rudia mara 5 hadi 8, mpaka maji yabaki maangavu. Vumbi laini lisipotoka, rangi inakuwa na ukungu. Maji ya bomba au ya kisima cha pwani yana chumvi, hayafai. Maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, yanafaa, lakini soma lebo vizuri: karibu na chupa hiyo huwekwa asidi ya betri, na watu huziita zote jina moja. Nunua enameli isiyo na risasi, na vaa barakoa unaposhika unga mkavu.

Jaza vyumba kwa brashi ndogo, unga ukiwa mbichi kama mchanga wa ufukoni. Nyonya maji kwa ncha ya karatasi laini, kisha kausha juu ya tanuri mpaka mvuke uishe kabisa. Unga wenye unyevu ukiingia motoni unaruka kama mahindi kwenye kikaango. Tanuri liwe kati ya nyuzi 780 na 820. Choma dakika moja na nusu hadi tatu, ukichungulia. Kwanza uso unakuwa kama sukari, halafu kama ganda la chungwa, kisha unang'aa kama maji yaliyotulia. Tabaka za mwanzo toa kwenye ganda la chungwa. Ya mwisho ndiyo uiache ing'ae. Weka kazi juu ya chuma chenye joto, mbali na feni na dirisha.

Rangi za bendera yao, nyekundu, nyeupe na kijani, zina tabia tofauti. Kijani ni mvumilivu, kiweke mwanzo. Nyeupe ikiwa nyembamba juu ya shaba hugeuka kijanikijani ukingoni, kwa hiyo ipe tabaka mbili. Nyekundu isiyopenya mwanga ndiyo korofi kuliko zote: ikizidishiwa moto inaiva kahawia, halafu inakuwa nyeusi, na hairudi. Iweke mwisho kabisa, choma muda mfupi, mara moja tu ikiwezekana. Nyekundu inayopenya mwanga ukiiweka juu ya fedha tupu inaweza kugeuka njano chafu. Itangulizie tabaka lisilo na rangi.

Simama rangi ikifika theluthi mbili ya kimo cha waya. Ukijaza hadi juu umepoteza *sodronyzománc*, umebaki na kazi nyingine. Pini ya nyuma usiilehemu kwenye bamba lenye enameli. Tengeneza kikombe cha fedha chembamba, lehemu pini na kufuli nyuma yake, safisha, kisha ingiza bamba na ukunje ukingo kulishika.

Nasoma Szeged. Tarehe 15 Machi kila mtu hapa huvaa ua la utepe. Je, mgeni anaruhusiwa? Na nimeona mengine nyekundu iko nje, mengine iko ndani. Lipi sahihi? (Msomaji, Hungaria)

Ruhusa ipo, na wenyeji hufurahi. Hilo ni *kokárda*, la kukumbuka mapinduzi ya 1848, na inasimuliwa kwamba Júlia Szendrey, mke wa mshairi Petőfi, alishona moja kwa ajili ya siku hiyo. Vaa kushoto, upande wa moyo.

Kwa kanuni, rangi za kokárda husomwa kutoka kitovuni kwenda nje. Bendera ni nyekundu, nyeupe, kijani, kwa hiyo nyekundu ikae ndani na kijani nje. Lakini nyingi zinazouzwa na kuvaliwa zina nyekundu nje, na desturi hiyo ni ya muda mrefu. Hakuna atakayekugombeza kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kushona ni rahisi. Utepe wa upana wa sentimita 2.5 unahitaji urefu wa sentimita 17: 15.7 za mzunguko na zinazobaki za kuunganisha ncha. Pitisha uzi kwenye ukingo wa rangi unayotaka iwe katikati, vuta mpaka tundu lifumbe, funga. Utepe ukiwa mfupi ua linajikunja kama kikombe. Ukiwa mrefu linakuwa na mawimbi. Ongeza mikia miwili ya sentimita 8, iliyokatwa kwa mshazari isichanike nyuzi.

Ninashona shanga. Wahungaria nao wana vito vya shanga vyenye maua? (Msomaji, Arusha)

Wanavyo. Katika eneo la Sárköz wanawake walivaa ukosi wa shanga, *gyöngygallér*, unaolala mabegani kama ule wa Kimaasai ingawa ni laini kama wavu. Huko Kalotaszeg, Transylvania, ambayo sasa ni Romania, wasichana huvaa taji la shanga, *párta*. Shanga za kioo za Bohemia (leo ni sehemu ya Ucheki), kutoka mji wa Jablonec, ziliuzwa sana Afrika Mashariki, na Bohemia na Hungaria zilikuwa chini ya dola moja hadi 1918. Kwa hiyo malighafi si ngeni kwako.

Chukua ua la shanga lenye petali 8. Hapa ndipo ua huharibika: punje 6 huzunguka punje moja ya ukubwa uleule bila pengo, lakini punje 8 haziwezi. Kwa shanga namba 11, zenye kipenyo cha milimita 2 hivi, tafuta kitovu cha milimita 3 hadi 3.5. Kitovu kikiwa kidogo kitazama, na pete itacheza. Pitisha uzi mara ya pili ndani ya punje zote 8 kabla ya kukaza, la sivyo ua linageuka yai.

Dukani kwangu wateja huleta vito wanavyosema ni “enameli ya Hungaria.” Nitajuaje ya kweli? Na fundi wangu akitengeneza ua la Matyó, niliuze kwa jina hilo? (Msomaji, Unguja)

Chukua lenzi ya sonara ya mara 10. Picha iliyochapishwa na kufunikwa plastiki huonyesha nukta ndogondogo za rangi. Enameli ya moto haina nukta, na pale inapogusa waya hupanda kidogo kama chai inavyopanda ukingoni mwa kikombe. Igonge taratibu kwenye jino: kioo kinalia, plastiki inanyamaza. Kioo ni baridi mkononi, na ncha ya sindano huteleza juu yake bila kuacha alama, lakini jaribu nyuma, mahali pasipoonekana. Tazama pia waya. Uliosokotwa kweli una kivuli kati ya misokoto. Uliomiminwa kwenye kalibu umezibazibika, na mara nyingi una mshono ubavuni.

Kuhusu jina, orodha ya UNESCO haimpi mtu hati ya kumiliki ua. Lakini usimwandikie mteja kwamba kitu kimetoka Mezőkövesd ikiwa kimetoka Darajani. Andika kwenye kadi: “Ua kwa mtindo wa Matyó, Hungaria. Limetengenezwa Unguja, fedha 999, enameli ya moto.” Na fundi asichanganye waridi la Matyó na pilipili ya Kalocsa kwenye kidani kimoja. Mhungaria atakayeingia dukani ataliona hilo kabla hajaona bei.